UREFU SI VIZA, MPWA WANGU!

Mpenzi msomaji, wiki hii safu yako haiko Dar. Foleni za Ubungo na mashauzi ya Sinza nimewaachia wenyewe. Mwenzio nilipanda basi alfajiri, nikakata kilomita zaidi ya 1,100, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, hadi Mwanza, Jiji la Miamba. Niliposhuka stendi ya Nyegezi usiku wa manane, miguu ilikuwa imevimba kama mihogo ya Mkuranga.

Usidhani nilikwenda kula bata. Nilikwenda kwa sababu ya simu moja. Dada yangu, mkubwa wangu wa kunifuata mgongoni, alinipigia Jumapili jioni na wala hakusalimia vizuri.

"Mdogo wangu, njoo. Nataka kuuza injini."

Nikakaa kimya. Hiyo injini siyo ya gari wala ya mashine ya kusaga. Ni injini ya mtumbwi, ya farasi 15, aliyoiacha marehemu shemeji yangu. Dada anaikodisha kwa wavuvi wa dagaa, na ndiyo inayolisha watu watano pale nyumbani. Kusikia anataka kuiuza ni sawa na kusikia mtu anauza paa la nyumba huku mvua inanyesha.

"Unauza ili iweje, dada?"

"Mtoto kapata Marekani."

NYUMBANI NI KWENYE MAWE

Kwa wale ambao Mwanza wanaijua kwenye picha ya lile jiwe la Bismarck tu, wacha niwapashe kidogo. Mji wenyewe umegawanyika pande mbili. Kuna Nyamagana, ambako ndiko katikati ya jiji, maduka na pilikapilika zote. Halafu kaskazini kuna Ilemela, iliyopata manispaa yake mwaka 2012. Uwanja wa CCM Kirumba uko Ilemela. Soko la samaki la Mwaloni liko Ilemela. Hata uwanja wa ndege uko Ilemela, ndiyo maana mgeni wa ndege akishuka tu anakutana na upepo wa ziwa kabla hajakutana na dereva teksi.

Asubuhi nilipanda daladala kupitia Kirumba na Pasiansi. Kushoto ziwa, kulia milima ya mawe, na juu ya mawe nyumba. Si utani, kuna watu kule wamejenga mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili. Jiwe limekaa juu ya jiwe, la juu linaonekana kama litadondoka kesho, lakini babu zetu walilikuta hivyo hivyo na sisi tutaliacha hivyo hivyo. Mtoto wa Ilemela anajifunza kupanda kabla hajajifunza kukimbia. Ndiyo maana ukiwaona vijana wa kule wana miguu ya chuma.

Nilimkuta dada Mwaloni, si nyumbani. Mwaloni nako ni dunia nyingine. Kuna dagaa wa magunia, sato wabichi, sangara wa kukaanga, na wale wanunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyosafirishwa hadi China na bei yake inamshinda samaki mwenyewe. Wapo na wafanyabiashara wanaobeba dagaa hadi Kongo. Ukitaka kujua Kiswahili kina lafudhi ngapi, kaa Mwaloni saa moja tu.

Lakini siku hiyo soko lilikuwa limepoa. Mbalamwezi. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa haziifuati taa, wavuvi wanalala, na injini ya dada inalala nao. Mtu akija na ahadi ya dola wiki ya mbalamwezi, huyo amepiga hesabu yake vizuri sana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda, huko Dar hamli?" Akanipa kigoda. "Ngoja nimalize na mteja huyu, twende ukamwone mpwa wako. Amekuwa mnazi!"

MLINGOTI

Na kweli. Mpwa wangu nilimwacha miaka mitatu nyuma akiwa ananifikia begani. Sasa mimi ndiye niliyemfikia yeye kifuani. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na fundi wa milango wa mtaani kampima kwa utepe: futi 6 na inchi 8. Mtaani hawamwiti tena jina lake, wanamwita Mlingoti. Viatu anavaa namba 49, na kwa kuwa namba hiyo haipatikani mitumbani, raba zake zimekatwa mbele, vidole vinapunga upepo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Hebu inama nikushike kichwa."

Akacheka, akainama. Ni mtoto mwenye adabu, tena wa aibu. Lakini alasiri aliponipeleka kwenye uwanja wao wa shule, aibu yote aliiacha getini. Sakafu ni ya saruji, imepasuka katikati na ufa umeota nyasi. Goli moja lina ringi bila nyavu, la pili limepinda kidogo kwa sababu watoto wanalining'inia. Ringi ya kikapu popote duniani iko futi 10 kutoka chini, hata Ilemela. Mlingoti alipewa pasi, akadunda mara mbili, akaruka, akaupigilia mpira ndani kwa mikono miwili kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Wasichana waliokuwa ukutani wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama.

Mjue kwamba mimi kikapu ni mshabiki tu. Urefu wangu ni wa kuchungulia dirishani. Lakini macho ninayo. Huyu mtoto ana kitu: anakimbia bila kujikwaa, mikono haimchezi, na kila anapokosa hukimbilia nyuma kukaba badala ya kulalamika. Mwalimu wao wa michezo aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, huyu kaanza kucheza akiwa kidato cha kwanza. Akipata mtu wa kumfundisha, atafika."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Maana kama angekuwa garasa, kazi ingekuwa rahisi. Ningesema "acha ndoto" na kurudi zangu Dar.

WALIOFIKA NI NANI?

Usiku, baada ya ugali na sato, tukakaa nje kwenye jiwe letu. Kila nyumba ya kule ina jiwe lake la mazungumzo. Mlingoti akatoa simu, akaanza kunionyesha video za watu wake. Akina Hasheem Thabeet na Atiki Ally Atiki anawajua kama mimi ninavyowajua wadeni wangu.

Thabeet, kwa wasiokumbuka, ni mtoto wa Dar aliyezaliwa 1987. Kikapu alianza kukishika akiwa na miaka kama 15, shuleni Makongo. Akapata nafasi ya kwenda Marekani kusoma sekondari, akahangaika shule hadi shule, akamalizia Houston, Texas. Hapo chuo kikuu cha Connecticut kikamwona, na mwaka 2006 akaanza kuchezea timu ya kocha Jim Calhoun, moja ya timu kubwa za vyuo. Jamaa ana futi 7 na inchi 3. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka rebaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Mwaka huo huo Connecticut wakafika nusu fainali ya vyuo, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili katika NBA nzima. Namba moja alikuwa Blake Griffin. James Harden alikuja wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mbongo wa kwanza kucheza NBA!

"Unaona mjomba? Namba mbili! Mbele ya Curry!"

"Naona. Na unajua kilichofuata?"

Kimya. Kilichofuata ni kwamba Februari 2010, hata msimu wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka ligi ndogo kule Dakota. Baadaye akazunguka Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza hata Japan na Taiwan. Simsemi vibaya, mtu aliyekula mkate wa kikapu miaka yote hiyo ni shujaa. Nasema tu kwamba mlango ukifunguka, ndani kuna ngazi, na ngazi zenyewe zina utelezi.

Wa pili ndiye anayemuumiza roho Mlingoti, maana ni wa hapa hapa. Atiki Ally Atiki ni mtoto wa Mwanza. Maji ya ziwa hili ameyanywa. Naye alikikuta kikapu akiwa kijana tayari. Alikwenda London, lakini usidanganyike, siyo London ya mfalme. Ni London ya jimbo la Ontario, Canada, kwenye shule ya kikapu. Kutoka hapo mwaka 2021 akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Brigham Young, BYU, kilichoko Provo, Utah, chini ya kocha Mark Pope. Fikiria mtoto wa joto la Mwanza anaamka anakuta theluji hadi magotini. Alikaa hapo misimu mitatu. Mwaka 2024 kocha Pope akahamia Kentucky, na Atiki akahamia New Mexico. Machi 2025 timu hiyo iliifunga Marquette 75 kwa 66 katika mashindano makubwa ya vyuo, kabla ya kutolewa na Michigan State.

Futi 6 na inchi 10. Hakuwa yule wa kufunga pointi 20 kila usiku. Kazi yake ilikuwa ile ya kutokea benchi, kukaba, kugombea mipira, kutoa jasho ili wengine waonekane. Lakini chuo amesoma.

"Inchi mbili tu, mjomba," Mlingoti akasema. "Amenizidi inchi mbili tu."

Na hata ng'ambo ya ziwa hili hili wapo. Khaman Maluach ni wa Sudan Kusini, kakulia Uganda, upande wa Kampala. Akaingia chuo cha kikapu ambacho NBA ilikifungua Senegal mwaka 2017. Mwaka 2024 akiwa na miaka 17 alicheza Olimpiki ya Paris. Akaenda Duke msimu mmoja, na Juni 2025 akachaguliwa namba 10 katika NBA. Yaani kutoka pwani ya ziwa letu hadi huko juu, njia ipo. Sikatai hata kidogo.

BARUA YA MILIONI NNE

"Sasa nionyesheni hiyo Marekani yenyewe," nikasema.

Dada akaingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki aliyoitunza kama hati ya kiwanja. Ndani kulikuwa na barua moja, imechapwa stationeri ya mjini kutoka kwenye WhatsApp. Ina nembo ya tai, ina muhuri mwekundu, na jina la Mlingoti limeandikwa kwa makosa mawili. Inasema amechaguliwa kujiunga na "akademi ya kimataifa" huko Marekani. Ada yote wanalipa wao. Kinachotakiwa ni "gharama za usajili na uchakataji", shilingi milioni nne tu, zitumwe kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi. Nafasi zimebaki mbili.

"Huyo wakala mmemwona?"

"Tunaongea naye kwenye simu. Anaongea Kiingereza vizuri sana," dada akasema.

"Amemwona mtoto akicheza?"

"Alitumiwa picha."

"Picha ya kucheza?"

"Picha ya kusimama mlangoni."

Jamani! Mtu wa kusimama mlangoni anaitwa mlinzi, haitwi mchezaji.

Nikaanza kueleza, kwa upole kadiri nilivyoweza. Vyuo vya daraja la kwanza la kikapu Marekani ni zaidi ya 350, na makocha wao wanalipwa kutafuta vipaji. Kocha anayekutaka ndiye anayekufuata. Anataka video ya mechi nzima, siyo ile ya madoido peke yake. Anauliza urefu wako, kisha anauliza kitu ambacho vijana wetu hawakitegemei: matokeo ya darasani. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu zao. Huna hayo, hata uwe mrefu kama mnara wa simu, msimu wa kwanza utaukalia benchi na koti lako.

Halafu kuna karatasi. Shule halisi ya Marekani ikikupokea inakutolea fomu inayoitwa I-20. Bila hiyo hakuna maombi ya viza ya mwanafunzi. Ada za serikali zipo, lakini zinalipwa kwa njia rasmi na unapewa stakabadhi, hazitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Kisha unakwenda mwenyewe ubalozini Dar kuhojiwa, na kanuni zao zinabadilika kila kukicha. Hakuna wakala duniani anayeweza kuiahidi viza kama mtu anayeahidi maandazi.

"Hapa fomu iko wapi?" nikauliza. "Jina la kocha liko wapi? Shule hii iko mji gani?"

Mlingoti akanyanyuka. Futi zote sita na inchi nane. "Mjomba, wewe umekaa Dar miaka yote hiyo, umemsaidia nani? Amekuja mtu wa kunisaidia, unamtia ila." Akaondoka, akapotelea kwenye mawe.

Dada akaikunja barua. "Umemvunja moyo mtoto. Kama roho inakuuma kwa sababu hela siyo yako, sema. Injini ni ya baba yake. Ameiacha kwa ajili yake."

NILICHOKIFICHA MIAKA YOTE

Msomaji, hapa ndipo ningeweza kukudanganya. Ningeweza kuandika kwamba nilitoa hoja kali na wote wakakubali. Haikuwa hivyo. Sikulala. Mwezi ulikuwa mweupe, mbwa wanabweka, na mimi nilijua kitu ambacho dada alikuwa hakijui.

Mwaka 2006, Thabeet anaanza Connecticut, mimi nilikuwa kijana wa Dar nisiye na mbele wala nyuma. Habari za kijana wa Makongo aliyeko mtoni zilikuwa zimeanza kusikika vijiweni. Kila mtu alitaka kwenda majuu. Mwezi huo dada alinitumia laki sita kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha, wakati huo hela za simu hazijaanza. Ilikuwa ada yangu ya chuo cha ufundi. Aliikusanya kwa dagaa, gunia kwa gunia.

Sikuipeleka chuoni. Kuna jamaa alikuwa na ofisi ya meza moja na ramani ya dunia ukutani, akaniambia kwa laki sita ananitafutia chuo Marekani, nikifika nitasoma na kubeba boksi, mwaka mmoja nimerudisha zote. Nilimpa. Wiki ya tatu nilikuta meza haipo. Ramani ya dunia ilibaki ukutani.

Dada nilimwambia kwamba chuo nilifeli mtihani, nikaacha. Akanionea huruma. Alinitumia hela nyingine ya kula. Miaka karibu 20 nimekuwa nikila huruma hiyo.

Alfajiri nikamfuata Mwaloni. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anaangalia maji. Mitumbwi imefungwa, injini yake imefunikwa turubai. Nikakaa chini, kabisa, kwenye magamba ya samaki.

"Dada, ile laki sita ya 2006 sikufeli mtihani."

Nikamweleza yote. Meza, ramani, kila kitu. Hakunikatisha. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, hadi mwanamke mmoja akaja kuuliza bei ya kopo na kuondoka bila kujibiwa.

"Kwa hiyo siku zile nilikuwa nalala na njaa kwa ajili ya ramani," akasema.

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alifuta uso kwa upindo wa khanga, akauliza, "Huyo jamaa alikuwa anaongea Kiingereza vizuri?"

"Vizuri sana, dada."

Akacheka. Kicheko kikavu, lakini kicheko. "Mpigie huyu. Mbele yangu."

Nikampigia wakala kwa simu ya dada, nikaweka sauti kubwa. Nikamwambia mimi ni mjomba, hela ipo, ila nataka jina la kocha na namba ya simu ya shule nimpigie mwenyewe. Akaanza kupanda na kushuka. Nikamwambia basi tutalipa mtoto akishapata I-20. Simu ikakatika. Tulipopiga tena haikupatikana. Mchana picha yake ya WhatsApp, ile ya tai, ilikuwa imeondoka. Dada kafungiwa.

Milioni nne zilibaki kwenye turubai, zikisubiri giza la mwezi.

SASA AFANYEJE?

Mlingoti hakuongea na mimi siku mbili. Sikumlaumu. Kumvua mtu ndoto ni kama kumvua nguo sokoni, hata kama nguo yenyewe ilikuwa ya wizi. Siku ya tatu nikamfuata uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya shule. Alikuwa peke yake, anarusha, anaufuata mpira mwenyewe, anarudi, anarusha.

Nikakaa kwenye ufa ule wenye nyasi. Baada ya kama mitupo 50, akaja akakaa karibu.

"Mama kaniambia," akasema. "Kuhusu wewe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nisubiri nini, mjomba?"

Hilo ndilo swali, msomaji, na najua kuna akina Mlingoti wengi wanaosoma safu hii, wa kikapu, wa soka, wa riadha. Nilimjibu nilichokijua, wala sikuongeza chumvi.

Kwanza, darasa. Matokeo ya kidato cha nne ndiyo pasipoti ya kwanza, tena haiibiwi. Kiingereza chake kinachechemea, hisabati inakimbia. Tukakubaliana nimlipie masomo ya jioni. Deni la laki sita lazima nilianze mahali.

Pili, acheze na watu wanaomzidi. Mwanza ina ligi na klabu za kikapu, na kuna mashindano ya shule, UMISSETA, ambayo kila mwaka huwakutanisha vijana wa mikoa. Huko ndiko macho yalipo. Kambi za kweli zipo pia. Kuna ile ya Basketball Without Borders ambayo NBA na shirikisho la dunia FIBA wameileta Afrika tangu mwaka 2003, na wanaoitwa huko huitwa kwa kuonekana wakicheza. Siku hizi hata bara letu lina ligi yake kubwa, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021. Kigali kutoka Mwanza ni karibu kuliko Dar! Siyo lazima kila ndoto ivuke bahari.

Tatu, video. Mechi nzima, jina, urefu uliopimwa bila viatu, tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Nasema ya kweli, maana huko nako wapo wanaojipunguza miaka hadi wanakuwa wadogo kuliko wadogo zao.

"Na kama hawakunichukua?"

"Utakuwa mtu mrefu mwenye cheti. Siyo balaa."

Akatabasamu kidogo, akanyanyuka, akanirushia mpira. Nilirusha kuelekea goli. Sitakwambia ulikwenda wapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

KURUDI

Siku ya kuondoka, mwezi ulikuwa umeanza kupungua. Jioni ile wavuvi walikuja kuchukua injini ya marehemu. Waliibeba begani watu wawili hadi majini, na Mlingoti akaingia na viatu vyake vilivyokatwa kuwasaidia kuifunga. Maji yaliyowafika wenzake kiunoni, yeye yalimfika mapajani. Ilipowaka, dada aliyekuwa amesimama kando yangu alishusha pumzi kama mtu aliyesikia mtoto analia baada ya kuzaliwa.

Giza lilipoingia, taa zikaanza kuwaka mbali ziwani, moja moja, mpaka ukadhani ng'ambo kuna mji.

Dada akanipa mfuko wa dagaa wa kwenda nao Dar. Nikataka kumlipa.

"Weka," akasema. "Unanidai au nakudai?"

"Unanidai wewe, dada."

"Basi beba kimya kimya. Na ukipata raba namba 49 huko Kariakoo, tuma kwa kondakta. Lakini safari hii uandike jina kwenye bahasha."

Kariakoo nimezunguka siku mbili sasa. Namba 49 hakuna, kuna 47 wananiambia zitatanuka. Msomaji, kama unamjua mtu mwenye mguu wa namna hiyo ambaye raba zake zimemchoka, mwambie amshitue mwandishi wa safu hii. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.